CTP na filamu: haya tunayodanganyana hapa Malindi

Wiki hii wateja watatu wa kazi za kuchapa wameniambia "nitolee kwa CTP itoke safi", na mmoja picha yenyewe kaitoa WhatsApp, ishabanwa mpaka imekuwa miraba miraba. Pesa zenu zapotea bure jamani, na mimi yaniuma, ndio nimeamua kuandika.

Kwanza, ati CTP ndio ile printi ya dijitali. Siyo kabisa. CTP, yaani computer-to-plate, ni kuchoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, leza yaandika juu ya bamba la aluminiamu, bamba hilo ndilo pleti, kisha yafungwa kwenye mashine ya kuchapia ya ofseti kama siku zote, na maji yake na wino wake. Printi ya dijitali haina pleti. Sasa ukitaka kadi 60 za harusi usidai pleti nne, moja kwa kila rangi, pleti zitakula pesa kuliko kadi, ukitaka 3,000 hapo sawa. Na wala si kitu kipya, mashine za CTP zilionyeshwa kwa wingi kwenye maonyesho ya uchapishaji ya drupa kule Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1995.

Pili, ati CTP yapendezesha picha. Ilichofanya ni kuondoa hatua ya katikati. Zamani picha ilitoka kwenye filamu nne, yaani plastiki nyembamba zenye picha, moja kwa kila rangi, filamu yalazwa juu ya pleti, hewa yavutwa ishikane, halafu yapigwa taa kali. Kwa filamu ya negativu vile vinukta vidogo vinavyojenga picha vilinenepa kidogo hapo, na vumbi likiingia laacha alama, tulikuwa twaketi na brashi ndogo na rangi ya kuzibia tundu moja baada ya jingine. CTP imetuondolea hayo, kinukta chatoka kama kompyuta ilivyoagiza. Lakini picha mbovu itatoka na ubovu wake wote, tena umekatwa vizuri! Na mwenye mashine akihama kutoka filamu bila kurekebisha vipimo, picha hupauka, kwa sababu alikuwa ashazoea vile vinukta vilivyonenepa.

Sasa hili la tatu ndilo kubwa kwangu, ati kwa CTP hakuna haja ya kukagua maana kompyuta haikosei. Mwaka mmoja tulipata mabango ya Maulidi ya Lamu, Mfungo Sita umekaribia, kila mtu mbio. Faili ilitumwa wazi, si PDF yenye herufi ndani yake, na kompyuta ya waliochoma pleti haikuwa na zile herufi za Kiarabu, ikaweka za kwake. Pleti nne zikaja kwa basi kutoka Mombasa, kilomita kama 120, tukafunga, tukapiga. Karatasi ya mia tatu hivi fundi mmoja aliyesoma madrasa akapiga kelele tusimamishe. Jina la Mtume lilikuwa limekatika, mim peke yake, ha peke yake, mim, dal, na mstari wote umeanzia kushoto. Niliona haya sana. Sisi wenyewe hatukusoma. Enzi ya filamu kuna mtu angeiweka juu ya meza ya taa akaipanga na kuibandika kwa selotepu nusu saa nzima, macho yake yako pale pale. Kwenye pleti maandishi yasomeka pia, ila hakuna anayeketi nayo.

Nne, ati rangi zikikaa kando, kijani chatoka nje ya mstari, basi pleti ni mbovu. Kwa pwani yetu hii angalia karatasi kwanza. Karatasi hunywa unyevu, na chumba cha kuchapia chafaa kiwe na unyevu wa asilimia 50 hadi 55 hivi, huku kwetu hewa ya bahari hupita hapo kwa mbali. Fungua rimu jioni, asubuhi kingo zishakuwa mawimbi. Na wengi wetu tuna mashine ya rangi mbili, leo wapiga samawati na nyekundu, kesho urudi na manjano na nyeusi, katikati hapo karatasi ishapanuka, tena yapanuka zaidi kukata nyuzi zake kuliko kufuata nyuzi, sasa pleti itafanya nini? Filamu nayo ilikuwa yanyooka kidogo kwa joto na unyevu, aluminiamu unyevu hauifanyi kitu, hapo CTP imeshinda. Ila mzigo wa karatasi bado ni wako, ufunike kwa nailoni.

Dawa nazo hazijaisha. Maji ya kusafishia filamu yana madini ya fedha ndani yake, hayafai kumwagwa karibu na kisima, na pleti nyingi za CTP bado zaoshwa kwa dawa, ingawa ziko zisizohitaji.

Na anayesema filamu imekufa aje aone wanaochapa fulana hapa mjini, skrini yao, ule wavu wa kupitishia wino, bila filamu haipigiki.

Mwenye kazi ya Maulidi mwaka huu, leta PDF, na uje na mtu asomaye Kiarabu akae na prufu ya karatasi, ile nakala ya kukagua, kabla sijaituma Mombasa.