Usianze na rangi, ngoja aondoke tawini

Kila nikiteremka kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nikishakipita kijiji cha Tungamalenga macho yangu yanaanza kumtafuta ndege mdogo wa kijivujivu aliyekaa wima, kimya, kwenye ncha ya kitawi kikavu. Mimi humwita mdakanzi. Wageni ninaowaongoza humtupia jicho mara moja wakasema "kandege tu", na huwa inaniuma, maana kwenye kitawi hicho anaweza kutua ndege wa aina tatu tofauti.

Rangi haisaidii sana. Jua la mchana huku bondeni humpa kila ndege rangi ya vumbi. Akiruka, akadaka mdudu hewani na kurudi palepale, nawaza Muscicapa striata (kwa jina la kisayansi), msafiri wa Ulaya na Asia tunayekuwa naye tangu Oktoba hadi Aprili. Paji la uso na kifua chake vina michirizi myembamba, na mabawa ni marefu. Akidondoka chini kwenye nyasi, akaokota mdudu na kupanda tawi jingine, huyo mara nyingi ni mwenyeji wetu Agricola pallidus, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Bradornis pallidus. Ana kahawia iliyopauka, na kifua chake hakina mchirizi hata mmoja.

Kazi iko kwa wa tatu, Bradornis microrhynchus. Naye hushuka chini. Ila ni mdogo kidogo, kijivu chake kimekolea, mdomo ni mfupi, na utosini ana vijistari vyeusi ambavyo bila darubini nzuri huvioni. Huyu ni wa nchi kavu ya migunga, wakati pallidus yuko nyumbani kwenye miombo. Sasa Ruaha ndipo miombo ya kusini inapokutana na migunga ya kaskazini! Kwa hiyo kabla ya kumtaja ndege, natazama kwanza ametua kwenye mti gani.

Halafu kuna makinda. Januari moja niliandika "striata" daftarini bila wasiwasi wowote, kifua kina michirizi ninaiona. Mara akaja ndege mzima, kifua kitupu, na panzi mdomoni, akamlisha. Nikafuta. Kinda wa pallidus ana michirizi kifuani na madoadoa mgongoni, na striata mzima hana doa mgongoni. Siku hizi simwandiki mdakanzi yeyote kabla hajanigeuzia mgongo.