Mpira upo, usaha hautoki: kwa nini naosha kifua kwa maji ya chumvi

"Daktari, ana maji kwenye mapafu," ndugu wa mgonjwa huniambia. Nawaelewa, ila maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yako nje yake, kati ya tando mbili: mmoja umelivika pafu, mwingine umeshikamana na ukuta wa kifua. Nimonia ikifika hapo, maji hayo huweza kugeuka usaha, na hapo sindano za antibiotiki peke yake hazitoshi. Tunavuta kidogo kwa sindano na kupima. Tukikuta usaha, au pH (kipimo cha asidi) chini ya 7.2, tunaweka mpira, yaani bomba laini la kutoa usaha kifuani hadi kwenye chupa.

Kazi ngumu huanza siku ya pili au ya tatu. Chupa haijai tena, na homa haijashuka. Ukipiga ultrasaundi unaona nyuzi za faibrini, protini inayogandisha damu, zimesukana kama utando wa buibui, zimegawa nafasi ile vyumba vyumba. Mpira unanyonya chumba kimoja tu.

Dawa za kuvunja nyuzi hizo zipo. Utafiti wa MIST2, uliochapishwa 2011, ulionyesha kuwa tPA, inayoyeyusha faibrini, na DNase, inayolainisha usaha, zikitumika pamoja zinasaidia. Kila moja peke yake haikufua dafu. Lakini bei yake! Familia nyingi ninazozihudumia haziimudu.

Ndiyo maana utafiti mdogo wa Uingereza wa 2015 ulinigusa sana. Kundi moja liliingiziwa kifuani mililita 250 za maji ya chumvi ya 0.9%, yaleyale ya dripu, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Kwenye picha za CT, usaha wao ulipungua kwa takriban 32%. Kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida bila kuoshwa, 15%. Waliopelekwa kwa daktari wa upasuaji nao walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo siku za kulazwa hazikupungua, na wagonjwa wote walikuwa 35, kwa hiyo sithubutu kuiita tiba iliyothibitika.

Dripu hutundikwa, maji yakashuka yenyewe, kisha yakaachwa yatoke. Muuguzi aandike yaliyoingia na yaliyotoka, kila mara.

Chupa ikitoa mapovu ya hewa, usioshe kabisa. Huenda pafu lina tundu, na maji yatapita humo hadi kwenye njia ya hewa. Na mgonjwa akianza kukohoa ghafla, akasema anaonja chumvi mdomoni, funga dripu papo hapo, mkalishe wima, fungua mpira, kisha muite daktari.