Je, wajua kwa nini Yesu wa Injili ya Marko huwakataza watu kumtangaza?

Mtu akiisoma Injili ya Marko mfululizo, sura zote 16, kazi isiyomaliza hata saa mbili, hukutana mapema na jambo la kushangaza. Yesu, aliyekuja kuhubiri, anawanyamazisha watu. Anawakataza pepo kusema kwa kuwa wanamjua, kisha anamponya mwenye ukoma na kumwonya kwa ukali asimwambie mtu yeyote, bali aende akajionyeshe kwa kuhani. Wazazi wa binti aliyefufuliwa nyumbani kwa Yairo nao wanapewa agizo hilo hilo. Mbona habari njema inafichwa?

Sababu moja anaitoa Marko mwenyewe. Yule mwenye ukoma hakutii. Alieneza habari kila mahali, na kwa ajili hiyo Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi, ikambidi akae mahali pasipo watu. Umati uliotafuta uponyaji ulikuwa unaifunika kazi ya kuhubiri, ambayo katika sura hiyo hiyo ya 1 anasema ndiyo iliyomleta.

Wasomaji wengi huongeza sababu ya kisiasa, na ina uzito. Wayahudi wengi walimtazamia Masihi kuwa mfalme wa ukoo wa Daudi atakayelikomboa taifa, na Roma haikuwavumilia wafalme wa namna hiyo. Kumbukumbu ya Yuda Mgalilaya, aliyeongoza uasi wakati wa sensa ya mwaka 6 BK, ilikuwa bado mbichi. Hata hivyo, hoja hii peke yake haitoshi. Katika nchi ya Wagerasi mtu aliyetolewa pepo anaagizwa aende kwao akasimulie, lakini baadaye, katika eneo lile lile la Dekapoli, lililokaliwa zaidi na watu wasio Wayahudi, waliomleta kiziwi wanakatazwa kusema. Mwaka 1901 mwanazuoni Mjerumani William Wrede alitoa hoja kwamba usiri huu ni wazo la kitheolojia lililotokana na imani ya kanisa la kwanza. Ukubali asili hiyo au uikatae, swali la msomaji linabaki pale pale: usiri huu unafanya kazi gani ndani ya masimulizi?

Kwa maoni yangu, jibu lililo bora limo katikati ya kitabu, na hulikosa kwa urahisi anayesoma vipande vipande. Huko Bethsaida, katika sura ya 8, Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono na kumwuliza kama anaona kitu. Anajibu kwamba anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono mara ya pili, ndipo anaona sawasawa. Ndio muujiza pekee katika Injili hii unaokamilika kwa hatua mbili, na mara baada yake Petro anatamka, karibu na Kaisaria ya Filipi, "Wewe ndiwe Kristo," yaani Masihi. Wanafunzi wanaonywa wasimwambie mtu. Yesu anapoanza kueleza kwamba atakataliwa, atauawa na kufufuka, Petro anamkemea, naye anakemewa kwa kuitwa Shetani. Petro amepata jina sahihi, lakini anaona nusu tu, kama yule kipofu kabla ya kuguswa mara ya pili: anamtaka Kristo asiye na mateso.

Ndiyo maana katazo lina mwisho wake. Wakishuka mlimani ambako Yesu aligeuka sura mbele yao, katika sura ya 9, wanafunzi watatu wanaagizwa wasisimulie waliyoyaona hadi Mwana wa Adamu atakapofufuka katika wafu. Hakuna anayeweza kumtangaza ipasavyo kabla ya msalaba. Yesu mwenyewe anakiri waziwazi akiwa mfungwa: kuhani mkuu anamwuliza kama yeye ndiye Kristo, naye anajibu, "Mimi ndiye." Na mwanadamu wa kwanza katika masimulizi haya kumwita Mwana wa Mungu ni akida wa Kirumi aliyesimama akimtazama alivyokufa.

Asubuhi ya kaburi wazi, kikomo hicho kimefika. Wanawake wanaagizwa waende wakawaambie wanafunzi na Petro, lakini wanakimbia na hawamwambii mtu neno, kwa maana waliogopa. Katika nakala mbili za kale za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, Injili ya Marko inakomea hapo, kwenye mstari wa 8 wa sura ya 16.