Mguu mnene na kipimo cha neva

Mtu akilalamika nyayo zinawaka moto usiku, au ganzi inampanda kama soksi, huenda akaagiziwa kipimo cha neva. Neva tunayoitegemea sana mguuni ni ile ya surali, inayobeba hisia za upande wa nje wa mguu. Tunabandika elektrodi, kipande kidogo kinachonasa umeme wa neva, nyuma ya tindi ya mguu, upande wa nje, tunapima sentimita 14 kupanda kwenye shavu la mguu, kisha tunarusha umeme kidogo. Unashtua, kama umegonga kiwiko kwenye ukingo wa meza.

Jibu la neva hiyo ni dogo mno. Maabara nyingi huhesabu chini ya maikrovolti 6 hivi kuwa pungufu. Hapo ndipo unene unapoingilia. Mafuta yakijaa kati ya ngozi na neva, elektrodi inasikiliza kwa mbali. Ni kama redio ya jirani nyuma ya ukuta: sauti imefifia, mdundo ni uleule. Ndiyo maana kwa mtu mnene ukubwa wa jibu hushuka, ilhali kasi ya ujumbe kwenye neva haibadiliki sana. Miguu iliyovimba maji hutuchezea vivyo hivyo.

Neva zinazoendesha misuli hutoa jibu kubwa zaidi, la milivolti, kwa hiyo haziyumbi sana. Kasheshe iko nyuma ya goti, ambako neva ya tibia imejificha kwenda chini. Umeme usipoifikia vizuri jibu huwa dogo, na mpimaji mwenye haraka anaweza kuandika kwamba ujumbe umekwama njiani.

Sisemi unene hauna kosa. Unaweza kuumiza neva zenyewe, hasa sukari ikianza kupanda, na tumbo kubwa likiongezewa mkanda wa kubana huweza kuleta ganzi ya paja kwa nje. Ajabu ni kwamba hata kukonda kwa kasi kuna hatari yake: mto wa mafuta unaoilinda neva ya peronea kando ya goti huisha, mtu anakaa amekunja nne, kisha unyayo unagoma kunyanyuka.

Ukija kupimwa, usipake losheni, na usije na mguu wa baridi. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua huondoa mita 1 hadi 2 hivi za kasi kwa sekunde. Fomu nyingi zinazonifikia hazina uzito wala urefu wa mgonjwa, kwa hiyo mizani nimeiweka mlangoni.