Ulimi haupimi sukari: dhana potofu kuhusu mlo na kisukari

Mtu akishaambiwa ana kisukari, cha kwanza kuondolewa mezani ni kopo la sukari. Chai inanywewa hivyo hivyo, soda zinapigwa marufuku, na nyumba nzima inaona kazi imekwisha. Kisha anakula wali sahani tele, viazi juu yake, anajipima baada ya saa mbili na mashine inasoma 14 mmol/L (kizio cha kiasi cha sukari kwenye damu), juu mno. "Lakini sijaonja sukari tangu asubuhi!" Kweli hajaonja. Ila damu haijali kilichoonjwa, inajali kilichomeng'enywa.

Dhana nyingi kuhusu mlo wa mwenye kisukari zinatokana na kuuamini ulimi. Hapa nazungumzia zaidi kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wagonjwa zaidi ya 9 kati ya kila 10. Kwa hao, insulini ya mwili, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi inavyotakiwa, na taratibu kongosho linashindwa kutengeneza ya kutosha.

"Nimeacha sukari, niko salama"

Wanga ni sukari iliyounganishwa mnyororo mrefu. Wali, mkate, viazi na mahindi havina utamu mkali mdomoni, lakini tumboni mnyororo unakatika na kinachoingia kwenye damu ni glukosi, yaani sukari ile ile. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Piga hesabu mwenyewe.

Wapo wanaoisikia hesabu hiyo wakakimbilia upande wa pili: wanga wote nje, hata punje moja isionekane. Wachache sana wanadumu na mlo huo. Kinachowezekana kwa miaka ni kupanga sahani: nusu yake mboga za majani na nyingine zisizo na wanga mwingi, robo protini kama maharage, samaki, mayai au nyama, robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Maharage nayo yana wanga, ila unameng'enywa polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi. Kuna jambo jingine lisilogharimu chochote: anza na mboga na protini, wanga uje mwisho. Tafiti zimeonyesha kuwa mlo ule ule, ukiliwa kwa mpangilio huo, unapandisha sukari kidogo kuliko ukianza na wanga.

Na mkate wa ngano isiyokobolewa? Ni bora kuliko mweupe, lakini vipande vinne vya mkate bora bado ni vipande vinne.

"Asali ni ya asili, haina neno"

Kijiko kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, nyingi ikiwa glukosi na fruktosi. Sukari ya kahawia ni sukari yenye rangi. Sina zaidi la kusema hapo.

"Vitu vichungu vinaua sukari"

Hii ni ile imani ya ulimi iliyogeuzwa: kama tamu ndiyo adui, basi chungu ndiyo dawa. Uchungu hauifuti glukosi kwenye damu. Ni kweli ipo mimea inayoweza kushusha sukari kiasi, na hapo ndipo penye hatari. Majani ya leo hayana nguvu sawa na ya jana, na mtu akiyachanganya na insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho, sukari inaweza kuporomoka.

Kwa anayedhani hospitali inadharau mimea, metformini, kidonge kinachotumika sana duniani kwa kisukari, asili yake inafuatiliwa hadi kwenye mmea uitwao Galega officinalis. Kemikali ya mmea wenyewe ilijaribiwa miaka ya 1920 ikaonekana ina sumu mno. Iliyopo leo ni jamaa yake, iliyotengenezwa maabara na kupimwa gramu kwa gramu.

"Mwenye kisukari hali matunda"

Anakula. Chungwa moja lina takriban gramu 12 za sukari pamoja na nyuzinyuzi zake, na linachukua muda kutafunwa. Glasi ya juisi inataka machungwa matatu hivi, inashuka kooni kwa dakika moja, na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Tafuna tunda moja, pumzika.

Juisi ina siku yake. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, jasho linakutoka na mikono inatetemeka, nusu glasi ya juisi, yenye gramu 15 hivi za sukari, ndiyo dawa. Subiri dakika 15, jipime tena, na kama bado iko chini, rudia.

"Sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu"

Watu wanacheka, lakini kipimo hiki bado kinaaminiwa, pamoja na ndugu yake: "Sijisikii vibaya." Figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo pale ya kwenye damu inapokaribia 10 mmol/L. Kisukari kinatambuliwa kuanzia 7.0 kabla ya kula asubuhi. Katikati ya namba hizo mtu anaweza kuishi miaka bila kiu wala sisimizi, huku mishipa midogo ya macho, figo na miguu ikiumia.

Kwa hiyo jipime, na upime kwa maana. Wengi hupima asubuhi tu na kuandika namba kwenye daftari ambalo halisomwi. Afadhali siku moja upime kabla ya chakula na tena baada ya saa mbili. Kama imetoka 6 ikafika 12, kesho pika chakula kile kile, punguza wanga nusu, pima tena. Daftari la namna hiyo linakufundisha mwili wako kuliko orodha yoyote ya vyakula vya kukatazwa. Watu wazima wengi hulenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada yake. Mjamzito na mzee huwekewa malengo yao. Mashine yako ikisoma mg/dL, gawanya kwa 18.

Daftari hilo litakuonyesha pia kioja cha asubuhi: umelala na njaa, umeamka na 9. Hujala, ila ini limemwaga akiba yake alfajiri kwa amri ya homoni. Kulala njaa hakutibu kisukari.

"Mazoezi ni ya vijana"

Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula kunatosha kuonekana kwenye mashine. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walipunguza mlo na uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kukipata ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, asilimia 31. Vaa viatu vinavyokutosha tu, na ukirudi kagua nyayo, maana mguu uliokufa ganzi hausemi ukichomwa.

"Sukari imeshuka, natupa dawa"

Aina ya pili inaweza kutulia bila dawa. Utafiti uliofanyika Uingereza, matokeo yake yakatolewa mwaka 2017, uliwapa watu waliougua kwa muda usiozidi miaka sita mlo mdogo sana, wa kama kalori 830 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila kidonge chochote. Kwa baadhi yao sukari ilirudi kupanda baadaye, hasa uzito uliporudi, ndiyo maana kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kinaendelea hata kwa aliyetulia, na dawa inapunguzwa na daktari.

Habari hiyo isimfikie vibaya mwenye aina ya kwanza. Kongosho lake halitengenezi insulini, na akiacha sindano, tindikali hujaa kwenye damu na inaweza kumuua ndani ya siku chache, hata kama sahani yake yote ni mboga za majani.