Je, wajua kwa nini mageti ya daraja linaloinuka hayashuki yote kwa pamoja?

Desemba nilimpeleka mpwa wangu wa kidato cha pili kuona Daraja la Mungu kule Rungwe, ule mwamba wa volkano uliolala juu ya mto Kiwira. Tukiwa pale, maji yakinguruma chini, akatoa simu akanionyesha video ya Tower Bridge ya London. Barabara inakatika katikati, vipande viwili vinanyanyuka kama mikono inayoomba dua, meli inapita. Akaniuliza, "Mjomba, na gari likiwa juu yake je?"

Mimi ni fundi umeme. Riziki yangu naipata kwenye mageti ya mota ya nyumba na lodji hapa Mbeya mjini, kwa hiyo swali lile lilinikaa kichwani. Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Hili ndilo jibu lenyewe.

Huku kwetu daraja la aina hiyo hulioni. Mito ya Nyanda za Juu Kusini inakimbia kwenye mabonde yenye kina, na hakuna meli inayopanda Kiwira wala Ruaha Mdogo. Meli zetu ziko Ziwa Nyasa, mbali na madaraja. Daraja linalofunguka hujengwa mahali ambapo barabara iko karibu na maji na meli ni ndefu kwenda juu, kama bandarini au kwenye mfereji. Mengine huinuka, kama hilo la London lililofunguliwa 1894, mengine huzunguka, kama lile la reli la El Ferdan juu ya mfereji wa Suez. Yapo pia ambayo kipande kizima hupandishwa kama lifti. Jirani zetu wa Mombasa walipojengewa daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni, lililofunguliwa 2021, sehemu ya katikati ilitengenezwa ya kusogezwa ili meli zipite.

Kokote liliko, daraja likifunguka, barabara inageuka shimo. Ndiyo maana kuna mageti.

Dereva anaona mkono mrefu wenye mistari myekundu na myeupe, na taa zinazowaka na kuzima juu yake. Mimi macho yangu huenda kwenye kiswichi kidogo kinachoshikika kwa vidole viwili, kilichofichwa ndani ya kabati la mota. Kina kamkono kenye kigurudumu mbele. Geti likifika chini kabisa, kipande cha chuma kinakisukuma kigurudumu kile, na kama umetega sikio utasikia "tik". Kwenye geti la nyumbani "tik" hiyo inaiambia mota isimame. Kwenye daraja ina kazi nzito zaidi: ndiyo ruhusa ya kwenda hatua inayofuata. Lazima "tik" za mageti yote zipatikane ndipo makomeo ya daraja, vile vyuma vinavyolifunga lisinyanyuke, yapate umeme wa kuachia. Makomeo nayo yana viswichi vyake, na mpaka vikiri kwamba komeo limetoka lote, mota za kuinua hazipati kitu. Geti moja likiwa nusu wima, mhudumu wa daraja anaweza kukibonyeza kitufe cha kuinua hadi kidole kimuume, na daraja halitatikisika.

Makomeo yenyewe yanahitajika kwa sababu bawa la daraja, yaani kile kipande kinachonyanyuka, limesawazishwa kama mizani ya dukani. Mkiani limefungwa uzito mkubwa, hivyo bawa la Tower Bridge lenye zaidi ya tani 1,000 huinuka bila kuhitaji nguvu za kutisha. Kitu kilichosawazishwa hivyo kisipofungwa sawasawa kitachezacheza kila lori linapopita.

Sasa utaratibu. Kwanza taa za barabarani hugeuka nyekundu na kengele hulia. Kisha hushuka mageti ya kuingilia, yale yanayomzuia anayekuja, huku ya kutokea yakiachwa wazi. Magari, baiskeli na watu waliokwisha ingia wanamalizia safari yao na kutoka. Mhudumu akiridhika kwamba juu hakuna kitu, ndipo anashusha mageti ya kutokea. Yakishuka yote kwa mpigo, utakuwa umewafungia watu mahali pale pale ambapo barabara inakwenda kunyanyuka.

Nililijua hili kwa uchungu kabla sijasoma habari za madaraja. Nilimfungia mteja mmoja wa mtaa wa Forest geti la kuteleza, na kile kijicho kinachohisi gari nikakiweka chini sana. Siku moja Canter ikasimama mlangoni, dereva akishuka kusalimiana na mlinzi. Mwali wa kijicho ukapita chini ya bodi, katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Geti likaona njia nyeupe, likafunga na kuibonyeza bodi ya gari. Nililipia bodi ile, na tangu hapo sifungi kijicho kimoja tu. Kiswichi kinajua geti liko wapi, lakini nani yuko ndani hakijui.

Kwenye daraja kosa la namna hiyo linaua. Mwaka 2022 Marekani ilipata vifo viwili vilivyofanana. Februari, mjini West Palm Beach, mama aliyekuwa akivuka na baiskeli yake alianguka baada ya daraja kuanza kuinuka akiwa juu. Agosti, mjini Milwaukee, mzee aliyekuwa akivuka kwa miguu alikufa vivyo hivyo, na daraja lile lilikuwa likiendeshwa kwa mbali kupitia kamera. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kamera zinatosha, siafiki. Kamera ina pembe isiyoiona, mvua huiziba, na mtu anayetembea polepole ni nukta tu kwenye skrini. Jicho la mtu aliye pale pale bado lina kazi.

Jicho nalo hukosea. Tarehe 30 Desemba 1952, dereva Albert Gunter alikuwa akivusha basi namba 78 juu ya Tower Bridge. Enzi zile mtu ndiye aliyepiga kengele, akafunga mageti, akahakikisha njia ni tupu, kisha akatoa ruhusa ya kuinua. Siku hiyo aliyekuwa zamu hakufanya hivyo. Gunter akaona barabara mbele ya basi lake ikianza kushuka, kumbe ni bawa alilokuwa juu yake ndilo linalopanda. Kufunga breki kungemtumbukiza mtoni, kwa hiyo alikanyaga mafuta, basi likaruka pengo na kutua kwenye bawa la pili ambalo lilikuwa halijaanza kuinuka, kiasi cha mita mbili chini. Abiria wote walipona, naye akazawadiwa pauni 10.

Daraja lile sasa hufunguliwa mara 800 hivi kwa mwaka, na geti likishashuka haliangalii cheo. Mei 1997 msafara wa Rais Bill Clinton ulikatwa vipande viwili, kwa kuwa kisheria chombo cha mtoni ndicho chenye haki ya kupita kwanza.

Msafiri wa mlima Kitonga au wa mteremko wa Iwambi atakuwa na swali jingine: mkono ule wa bati jepesi utaizuia semi iliyokatika breki? Hauzuii. Kazi yake ni kukuonya, na umetengenezwa uvunjike ukigongwa. Mwaka 1895 mjini Cleveland, Marekani, tramu iliyapita mageti, ikatumbukia penye uwazi wa daraja, na watu 17 wakafa. Ndiyo maana madaraja mengi, baada ya mkono wa kuonya, yana kizuizi cha pili kilichojengwa kupokea uzito wa gari: boriti nene, au wavu wa nyaya za chuma unaonyumbuka na kulikamata gari polepole. Nacho kina kiswichi chake, na "tik" yake inasubiriwa kama nyingine.

Kuna ufunguo mmoja unaoweza kuuruka utaratibu huu wote. Tuseme lori limeukata mkono wa geti. "Tik" ya geti hilo haitakuja tena, meli inasubiri. Mhudumu huingiza ufunguo unaoliruka geti hilo peke yake, na mahali pake husimama mtu barabarani. Kwangu, huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, maana mashine imenyamazishwa na kilichobaki ni mtu, kama ile siku ya Gunter.

Geti la kujiendesha la pale barabara inapokatiza reli lina tabia nyingine. Hapo umeme ndio unaoushikilia mkono usianguke, na ukikatika mkono hushuka wenyewe kwa uzito wake, kwa sababu treni haisubiri umeme urudi. Daraja likikosa umeme halina mahali pa kwenda, kwa hiyo mageti yake mengi hubaki yalipo, na fundi huyazungusha kwa mpini.

Jioni ile, tukirudi Mbeya, nilimwambia mpwa wangu airudishe video mwanzo kabisa, kabla barabara haijakatika. Akaitazama mara mbili. Mara ya tatu akaiona baiskeli ya mwisho ikitoka, na geti likishuka nyuma yake.