Mgonjwa wa akili wa Kiethiopia: msimwachishe dawa

Mimi ni Mkenya, muuguzi wa afya ya akili katika eneo la Washington, Marekani, upande wa Silver Spring, Maryland. Hakuna eneo Marekani lenye Waethiopia wengi kuliko huku, na sisi Waswahili tunaishi nao bega kwa bega. Tunawatunza wazee zamu moja, tunaegesha magari gereji moja, tumeoana. Baadhi yao walipitia Nairobi au kambi ya wakimbizi ya Kakuma na Kiswahili wanakizungumza bila shida. Ndiyo maana maswali haya naletewa na nyinyi: mke Mtanzania wa mume Muoromo, Mkongo anayeishi nyumba moja na kijana wa Addis Ababa. Nimeyaweka pamoja ili nisiendelee kuyajibu korido kwa korido.

Ugonjwa wa akili ni nini hasa?

Ni ugonjwa unaovuruga fikra, hisia na usingizi wa mtu mpaka kazi na familia vikamshinda. Ninaokutana nao sana ni wa namna tatu. Sonona ni huzuni au kukosa raha ya jambo lolote kwa wiki mbili na zaidi. Kiwewe ni pale mwili uko Maryland lakini kila usiku mtu anarudi jela ya Libya au katika vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022. Saikosisi ni kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kabisa kwamba majirani wanakupangia njama. Yote matatu yana tiba.

Mwenzangu hasemi ana huzuni. Analalamika kichwa, tumbo, na mwili kuwaka moto.

Anakwambia vilevile kwa lugha ya mwili. Wagonjwa wangu wengi wa Kiethiopia huanza hivyo: wamepimwa damu, wamepigwa picha ya kichwa, wamepewa dawa ya vidonda vya tumbo, na hakuna aliyewauliza wanalala saa ngapi. Muulize wewe. Anaamka saa tisa usiku na halali tena? Ameacha kwenda kwenye buna, kikao chao cha kahawa? Ameacha kupokea simu za nyumbani kwa sababu kila simu ni ombi la pesa? Akienda kwa daktari na aseme hayo pia, asitaje kichwa peke yake.

Kwa nini familia humficha mgonjwa hadi mambo yaharibike?

Aibu. Dada zake hawataolewa, watu kanisani au msikitini watanong'ona, na Waethiopia wa Washington habari yao hufika Addis Ababa kabla ya jioni. Wengine husema ni pepo, au ni buda, yaani kijicho.

Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Kwa miaka mingi Ethiopia nzima ilitegemea hospitali moja ya magonjwa ya akili, Amanuel, pale Addis Ababa. Mtu aliyekulia huko alijua kwamba anayepelekwa Amanuel ni yule aliyekwisha kuvua nguo barabarani. Sisi tulikua hivyohivyo na Mathari, na Watanzania na Mirembe. Basi akifika Marekani bado anaamini kwamba daktari wa akili ni wa watu waliovua nguo, na kwamba mwanawe anayeongea peke yake chumbani "hajafika huko". Anangoja afike. Nasi tunampokea akiletwa na polisi, wakati miezi minane nyuma angeweza kuja kwa miguu yake akapewa kidonge kimoja cha usiku.

Je, niwakataze kumpeleka kwenye tsebel, maji ya baraka?

Hapana. Kwa Waorthodoksi wa Ethiopia tsebel ni ibada na ni tiba, na wapo wanaotoka pale wametulia kuliko walivyoingia. Waislamu wana ruqya yao, yaani kisomo cha tiba, Wapentekoste wana maombi ya kufungua. Sina ugomvi na hata mmoja. Ugomvi wangu ni na sentensi moja tu, na nitairudia hadi mchoke: msimwachishe dawa. Mpelekeni kwenye maji asubuhi, mpeni kidonge jioni.

Lakini mzee wa kanisa amesema dawa na tsebel haviendi pamoja. Anayemeza dawa hana imani.

Msimwachishe dawa.

Mwulizeni mzee huyo kama anakumbuka yaliyotokea Entoto, mlima ulio juu ya Addis Ababa, kwenye maji ya Mtakatifu Maria. Wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakifika pale, wanaambiwa waache dawa za kupunguza makali ya virusi, na walikufa. Mwaka 2007 Patriaki Abune Paulos, mkuu wa Kanisa lenyewe, alisema hadharani kwamba dawa na maji ya baraka vinaweza kutumika pamoja. Kama Patriaki aliona vinakwenda pamoja kwa UKIMWI, mzee wa Silver Spring anapata wapi mamlaka ya kuvitenganisha kwa skizofrenia, ugonjwa wa saikosisi ya muda mrefu?

Ninawaheshimu makasisi, na wapo wengi wanaoniletea wagonjwa wenyewe. Nenda kamtafute wa aina hiyo. Kauli yake kwa familia ina uzito kuliko hotuba zangu kumi.

Na siku za kufunga? Hawezi kumeza kitu kabla ya kula.

Hili linanipa kazi kila mwaka. Waorthodoksi wa Ethiopia wana zaidi ya siku 180 za kufunga kwa mwaka kwa waumini wa kawaida, na wengi hawagusi chakula wala maji hadi mchana. Mgonjwa anayemeza dawa asubuhi anairuka wiki nzima ya mwisho ya mfungo, na kabla Pasaka haijafika tunaye wodini. Dawa nyingi zinaweza kuhamishiwa usiku. Mwambie daktari kabla ya mfungo na atahamisha saa, kazi ya dakika tano. Wanaotumia lithiamu, dawa ya kusawazisha hisia zinazopanda na kushuka, wawe waangalifu zaidi: mwili ukikosa maji, dawa hiyo hupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Hawa wasifunge, iwe Kwaresima au Ramadhani, kabla ya kuzungumza na daktari.

Amepona kabisa. Analala, anakwenda kazini. Bado ameze?

Ndiyo. Analala kwa sababu anameza.

Ninajua hamlipendi jibu hili. Kidonge kabatini ni ushahidi kwamba kuna mgonjwa nyumbani, na kila mtu anatamani ushahidi utupwe. Lakini saikosisi ikirudi baada ya dawa kukatwa, mara nyingi hurudi na nguvu, na kila inaporudi inachukua muda mrefu zaidi kumtoa. Kuacha lithiamu ghafla kunaweza kumrusha mtu kwenye wazimu ndani ya wiki chache. Dawa hupunguzwa na daktari, polepole, kwa tarehe iliyopangwa. Haipunguzwi na shangazi.

Kama dawa inamnenepesha, inamlaza mchana au inamkakamaza shingo, semeni. Ziko nyingine. Anayeishi na wenzake wanne chumba kimoja na hataki waone chupa, kuna sindano ya mara moja kwa mwezi ambayo hakuna atakayeijua.

Familia imekata tiketi. Wanataka kumrudisha Ethiopia akae kwenye maji hadi apone.

Hili linaniudhi, na nitasema hivyohivyo. Ninachokiona ni hiki: mtu anaondoka na dawa za siku 30, zinaisha, hakuna aliyepanga zitanunuliwa wapi. Katika baadhi ya vituo vya maji wagonjwa wasiotulia hufungwa minyororo. Akiwa na kadi ya ukazi wa kudumu na akakaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurudi, anaweza kuipoteza. Hapo mmempoteza mara mbili.

Kama lazima aende kumwona mama yake, na aende. Aende na dawa za kutosha, barua ya daktari yenye majina ya dawa, na ndugu mmoja huko aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha anameza. Akifika, msimwachishe dawa.

Chat ina uhusiano wowote?

Chat ndiyo miraa yetu, mirungi kwa Watanzania. Ndiyo, ina uhusiano. Inakata usingizi, na kwa mwenye saikosisi ni kumwagia petroli kwenye moto. Pombe ya kutafutia usingizi baada ya chat inaongeza tatizo la pili. Isitoshe, Marekani chat ni haramu kisheria. Kwa mgonjwa wa akili hakuna kiasi salama cha kutafuna, na "kidogo tu Jumamosi na wazee" ni kiasi.

Hatuna bima. Daktari wa akili anatoza mamia ya dola.

Wa binafsi, ndiyo. Msianzie huko. Nendeni kwenye kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu. Viko katika kaunti nyingi, na sheria inavitaka vitoze kulingana na kipato: aliye chini ya mstari wa umaskini halipi au analipa kiasi kidogo sana, na aliye chini ya mara mbili ya mstari huo anapunguziwa. Hawaruhusiwi kukufukuza kwa kuwa huna pesa. Nenda na hati ya mshahara, na mezani uombe ada ya kulingana na kipato. Usipoiomba unaweza kuletewa bili nzima, halafu mnasema Marekani ni ghali.

Dawa nyingi za msingi, fluoxetine, sertraline, risperidone, zimekwisha kutoka mikononi mwa kampuni zilizozibuni na zinatengenezwa na kila mtu. Kwa kadi ya punguzo, ambayo hutolewa bure, dozi ya mwezi mara nyingi huwa rahisi kuliko sinia la doro wat, mchuzi wao wa kuku, mgahawani. Hospitali zisizo za faida nazo, tangu sheria ya afya ya 2010, zinatakiwa ziwe na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Ombeni fomu hata kama bili imeshafika.

Na niseme la moyoni. Waethiopia wana iddir, chama cha kuzikana, na wana equb, ambao ni upatu wetu. Akifa mtu, iddir inachangisha maelfu ya dola na mwili unasafirishwa hadi Addis Ababa. Mtu huyohuyo alikuwa hai mwezi uliopita akihitaji nauli ya kliniki, na hakuna aliyepitisha bahasha. Nasi vyama vyetu vya Wakenya na Watanzania viko hivyohivyo, msicheke.

Akitibiwa, uhamiaji hawatajua na kumnyima makaratasi?

Rekodi za hospitali zinalindwa na sheria ya siri za wagonjwa ya 1996. Daktari hampigii simu afisa wa uhamiaji kumweleza nani ana sonona. Kuhusu kadi ya ukazi, sheria haiulizi kama mtu ana ugonjwa wa akili peke yake, inauliza kama ugonjwa huo unaambatana na tabia ya kudhuru watu, mali au nafsi yake. Ukiisoma vizuri utaona kwamba anayemeza dawa na kutulia yuko salama kuliko aliyefichwa hadi akavunja vioo vya jirani. Kuhusu misaada ya serikali na makaratasi, kanuni hubadilika; mwulizeni mwanasheria wa uhamiaji, si dereva mwenzenu.

Kiingereza chake ni kidogo. Nimpeleke na mwanawe atafsiri?

Mtoto hapana. Mtoto wa miaka kumi na mbili asitafsiri "baba, unataka kufa?" Kituo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kutoa mkalimani bure. Semeni ni lugha gani: Kiamhari, Kioromo au Kitigrinya. Msidhani kila Mwethiopia ni wa Kiamhari. Baada ya vita vya juzi kuna watu hawatafungua mdomo mbele ya mkalimani wa upande mwingine. Anayeogopa kutafsiriwa na mtu wa kanisani kwake aombe mkalimani wa simu. Huyo anaweza kuwa jimbo jingine kabisa, na mgonjwa halazimiki kumtajia jina lake.

Nitajuaje kwamba hali haiwezi kungoja kesho?

Anazungumzia kufa au anagawa vitu vyake. Sauti zinamwamuru adhuru mtu. Hajalala siku tatu na bado ana nguvu. Hali wala hanywi.

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi mtu wazo, linampa nafasi ya kupumua. Piga 988, simu ya msaada kwa anayefikiria kujiua, ni bure, usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani kwa simu. Kaunti nyingi zina timu ya wahudumu inayokuja nyumbani; kaunti yetu ya Montgomery ina kituo cha dharura mjini Rockville kilicho wazi saa 24. Kama kuna silaha, piga 911, namba ya dharura, useme tangu sentensi ya kwanza kwamba ni mgonjwa wa akili, na uombe askari aliyefundishwa kuwahudumia wagonjwa hao. Idara ya dharura ya hospitali, kwa sheria ya 1986, lazima impime na kumtuliza hata kama hana senti wala kadi.

Ukimleta, leta chupa zote za dawa, hata tupu, hata za Addis Ababa, na utuambie ukweli aliacha kumeza lini. Hatutamgombeza mtu. Tunataka kujua tuanzie wapi.